Nani Anaenda Ujiji na Ticha Audax?

Kijiwe chetu cha Manzese kina benchi moja la mbao, kahawa ya Kondo, na watu wanaojua kila kitu. Mazin, mwenye duka la vitambaa, tunamwita Jipiesi: anaelekeza watu nchi nzima, ingawa mwenyewe mwisho wake Chalinze. Twalib fundi redio tunamwita Profesa. Mie nipo tu. Jumamosi moja asubuhi akaja Audax, mwalimu mstaafu, begi mgongoni, buti mpya miguuni. Alitaka kuitembea kwa miguu njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, zaidi ya kilomita elfu moja, kabla goti lake la kushoto halijamkatalia kabisa. Mkewe alimruhusu kwa sharti moja, asiende peke yake. Na sie, miezi mitatu mfululizo, kila akiitaja safari tulimjibu, "Tupo pamoja, Ticha." Maskini, aliamini. Hilo linaniuma mpaka leo.

TWALIB: Ticha, begi la nini tena?

AUDAX: Si ndo leo? Basi la Bagamoyo saa nne.

Tukatazamana. Kondo akajifanya anasuuza vikombe.

MAZIN: Safi sana. Ila njia umekosea. Kwenda Ujiji unaanzia Kigamboni.

AUDAX: Ujiji iko magharibi, Mazin.

MAZIN: Ndo hapo wengi wanapotea. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa.

AUDAX: Inahusiana vipi?

MAZIN: Tafakari.

TWALIB: Ishu si njia, braza. Ishu simba. Inabidi utembee kinyumenyume, simba akikuona anadhani ushapita. Mwenda pole hajikwai.

MIE: Kinyumenyume mpaka Ujiji? Na goti lake?

TWALIB: Goti linapumzika. Linatumika upande wa pili.

MAZIN: We Profesa, simba wa siku hizi wajanja.

TWALIB: Basi asitembee kabisa. Dunia si inazunguka? Inaenda mashariki. Ticha anarukaruka hapohapo Bagamoyo, ardhi inapita chini yake. Wiki mbili, Ujiji inamkuta. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

AUDAX: Haya, hayo tutabishana njiani. Nimewawekea na dawa ya malengelenge, nyie wote.

Alisema kwa furaha kabisa. Mie nikainamia kikombe changu, nacho kilikuwa kitupu.

Hapo akatokea mama mmoja wa makamo, kajitanda kitenge, kabeba hotipoti kubwa. Hajawahi kukanyaga kijiweni kwetu. Alikuwa Benedicta, mkewe Audax.

MIE: Shikamoo, mama.

BENEDICTA: Marahaba. Nimewapikia chapati za njiani, ishirini. Nani anaenda naye, nimkabidhi?

Mazin akapokea simu ambayo haikuita. Twalib akakumbuka kuna redio ya mteja. Kondo akasema yeye ni muuza kahawa tu. Benedicta akatuangalia mmoja mmoja, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Audax naye alikuwa ameshaanza kuelewa. Akavua begi, akaliweka chini taratibu.

BENEDICTA: Livae tena, baba Clara. Nisubiri nikafunge mlango, nivae na raba. Twende.

Akaondoka na chapati zake. Audax alicheka mpaka akafuta macho, na sie tukaona aibu hata kuagiza kahawa nyingine.