Uso Uliobabuka na Mikono ya Mama

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi, asifiwe na ninyi mliosimama mlangoni kwa kukosa viti!

Mimi naitwa Nekesa. Wengine mnanijua kama yule mwanamke aliyekuwa akija ibadani amejifunika leso mpaka karibu na macho. Leo nimeivua. Nitazameni. Uso huu mnaouona ni muujiza, na wala si kwa sababu ni mzuri!

Nilizaliwa hapa hapa Umoja, wakati nyumba zilikuwa za chini na jua lilitufikia mpaka ndani ya ua. Tulicheza michezo ya kati na brikicho mpaka sauti zikakauka. Mama alikuwa na jina lake la kunikemea: Kiguu na Njia. Maana nilikuwa situlii. Kila asubuhi kabla ya shule ilibidi anishike kidevu kwa nguvu ndipo anipake mafuta. Aliyayeyusha kwanza kiganjani, akayapulizia, akanipaka uso wote, kisha akasema, "Lete magoti." Hakuna mtoto wake aliyetoka mlango ule na magoti yaliyopauka.

Nilipomaliza kidato cha nne nilitoka, na sikurudi kuishi. Nimeuza viatu vya mitumba Mombasa. Nimekata maua Naivasha. Nimekaanga chapati hotelini Eldoret. Nikizoea mahali, miguu inaanza kuwasha, nafunga mkoba. Na kila mji ulinipa krimu yake ya uso, na kila krimu iliniachia doa, mpaka mashavu yangu yakawa meusi kama sufuria iliyokaa juu ya kuni.

Halafu siku moja mdogo wangu Nafula, ambaye hakuwahi kuondoka, akanipigia simu. "Dada, rudi. Mama anapotea akiwa amekaa kitini."

Nilirudi. Ndugu zangu, nilimkuta mama sebuleni, msafi, amefunga kitambaa chake. Akaniangalia kwa adabu. Akasema, "Karibu, mgeni. Umetoka mbali?"

"Mama, ni mimi. Nekesa."

Akacheka, kama mtu anayemhurumia mwongo. Akanyoosha kidole ukutani, kwenye picha yangu ya shule, uso laini unang'aa. "Nekesa wangu ni yule. Atakuja tu. Wewe kunywa chai kwanza."

Nafula alinifuata jikoni. "Usilie, dada. Juzi mimi aliniita shangazi, na nikaitika. Ningefanya nini?"

Lakini mimi sikuweza kuitika jina la mgeni. Moyoni nikasema: kama mama hanijui, nakaa hapa kwa nini? Nikafunga mkoba tena, nikauweka nyuma ya mlango. Ila kabla ya kuondoka nikaona nijaribu jambo moja. Ule uso wa ukutani, mama anaujua. Nikiupata tena, atanijua!

Nikaenda Eastleigh. Kuna dawa ya kubambua ngozi, nilikuwa nimeisikia kwa wanawake wa saluni. Ni asidi. Unapaka, ngozi ya juu inababuka kama ganda la kitunguu, ya chini inatokea mpya. Kijana wa kibanda akanionyesha kichupa kisicho hata na karatasi.

"Siz, hii ndiyo wanatumia wale wa kwa TV."

"Inauma?"

"Kidogo tu, kama pilipili. Ukisikia inachoma, jua inafanya kazi. Usiogope!"

Ndugu zangu, mpumbavu hahitaji kusukumwa, anahitaji kuonyeshwa njia tu. Mchana ule mama alipolala, nikapaka. Ikachoma. Nikakumbuka maneno ya yule kijana, nikauma meno: inafanya kazi! Ikachoma mpaka machozi yakatoka, na mimi bado nimeshika ukingo wa sinki nasema, Bwana, nirudishie uso wangu. Nilipokimbilia maji, nilikuwa nimechelewa.

Jioni uso ulikuwa umevimba, macho ni nyufa. Nafula aliporudi kutoka kiwandani aliangusha mfuko wa sukuma wiki mlangoni. Jirani yetu Mama Brayo akachungulia.

"Haki ya Mungu! Nekesa, nani amekupiga?"

"Chupa."

"Ya pombe?"

"Ya urembo."

Alitaka kucheka, akaona uso wangu vizuri, akaanza kuniombea pale pale.

Hospitalini daktari hakunitukana, ingawa nilistahili. Alisema, "Mama, dawa ya namna hii ipo, hata sisi tunaitumia. Lakini tunaangalia ngozi kwanza, tunaanza na nguvu ndogo, tunajua ni wakati gani wa kuiosha. Na ngozi nyeusi kama yetu ikiungua, inaweza kuacha weusi zaidi ya ule uliotaka kuondoa." Akanipa kopo la mafuta matupu, yasiyo na harufu. Nipake taratibu, nisibandue magamba kwa kucha, nisitoke juani hata kidogo.

"Mpaka lini?"

"Mpaka ngozi mpya ikomae. Utakaa nyumbani. Kwenu kuna kivuli?"

Hapo ndipo nilipoanza kuuona mkono wa Mungu! Maana tangu nirudi nilikuwa nikiyalaani yale maghorofa yaliyoizunguka nyumba yetu, yaliyotuibia jua la utoto wangu. Sasa ua wetu mzima ni kivuli, asubuhi mpaka jioni. Nikaambiwa kaa, mimi Kiguu na Njia, nikakaa mahali palipoandaliwa. Mkoba ukabaki nyuma ya mlango. Ningeenda wapi na uso ule?

Ngozi ikaanza kubabuka. Asubuhi moja Nafula alikuwa ameshaenda kazini. Nimeketi uani na kopo mkononi, naogopa kujigusa. Nasikia kiti kinasogezwa. Mama amesimama, ananitazama. Nikainamisha kichwa, nisimtishe.

"Kwani unaogopa mafuta?" akasema. "Hebu lete hapa."

Akachukua kopo. Akachota kidogo, akasugua viganja mpaka yakayeyuka, akapulizia. Akanishika kidevu. Sijui nieleze vipi! Mikono ile, ambayo siku hizi ilikuwa inasahau kufunga vifungo, ilipita juu ya vidonda vyangu myepesi kama unyoya, haikukosea hata mahali pamoja.

"Tulia. Unatikisika kama kuku. Unataka uende shule hivi, watu waseme huna mama?"

Nikatulia. Akamaliza kidevu. Akajifuta mikono kidogo, akagonga goti langu kwa vidole viwili.

"Lete magoti."

Ndugu zangu! Mwanamke wa miaka arobaini na zaidi, nikapandisha gauni pale uani, nikatoa magoti! Akayapaka, la kulia, la kushoto. Akayatazama, akashangaa.

"Yamekuwa makubwa." Kisha akainua macho. "Wewe Nekesa. Kiguu na Njia. Umekuwa wapi siku zote hizi? Chai imepoa."

Haleluya! Nililia mpaka mafuta yote yakaondoka, na yeye akanigombeza, akapaka upya.

Nimelifikiria jambo hili na bado linanitetemesha. Niliuchoma uso wangu ili mama anijue, na uso hakuuhitaji. Mungu alikuwa ameniweka mikononi mwa mama siku nyingi, mahali ambapo kusahau hakujafika.

Ngozi mpya ilikuja. Ilikuja polepole, nyororo kama ya kitoto, na nikastaajabu kwamba Muumba alikuwa ameificha chini ya ile ya zamani wakati wote, hata kabla sijajua nitaihitaji. Madoa mengine yapo, na hili la shavu la kushoto ni jipya. Daktari anasema linaweza kutibiwa vizuri baadaye. Tutaona.

Si kila siku mama ananijua. Jana nilikuwa mgeni tena. Lakini kila asubuhi akimaliza chai anatafuta kopo, nami namletea uso, kisha magoti. Na ule mkoba? Tumeutia mablanketi ya mama.

Asanteni kwa kuniombea mlipokuwa hamjui kilichomo ndani ya leso. Na wewe uliyeketi hapa ukidhani lazima kwanza ujirekebishe, ujing'arishe, ndipo Mungu akutambue: usijichome. Mpelekee uso huo huo ulio nao. Anakujua tangu ulipokuwa na magoti madogo!

Sasa mniruhusu nitoke mapema. Zamani nilikuwa naaga ili niende mbali. Leo naaga kwa sababu saa hizi mama atakuwa ameamka, na kopo ninalo mimi mfukoni.