Karatasi za Mchungaji Lameki Juu ya Mafiga

“Karatasi si mbegu za uwele, Mama Stefano! Zishushe!”

“Panda mwenyewe uzishushe, kama hayo magoti yanakubali.”

“Mimi mzee wa kanisa nipande uchaga wa jikoni?”

“Basi ziache zilale.”

Ndugu waombolezaji, wageni wetu kutoka ofisi kuu ya kanisa, Mwenyekiti wa kijiji, wakubwa wote shikamooni, na wenzangu hamjambo. Mtanisamehe kwa kuanza historia ya marehemu na ugomvi, lakini wengi mliokuwa hapa msibani jana asubuhi mliusikia kwa masikio yenu, na waliochelewa wameshasimuliwa, kwa hiyo nikiuficha nitakuwa nasoma habari za mtu mwingine. Waliokuwa wakigombana ni Babu Isaka Mkumbo, mzee wa kanisa letu, na bibi yangu Damari, ambaye wakubwa wenzake humwita Mama Stefano, aliyempikia marehemu tangu mke wake alipofariki. Walichogombea ni karatasi za marehemu, ambazo gari la ofisi kuu limekuja kuzichukua leo baada ya mazishi, na ambazo haziwezi kutoka hapa bila Babu Isaka kuzikabidhi kwa mkono wake. Mimi naitwa Esta Stefano, na nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu macho ya marehemu yalipokwisha mimi ndiye niliyekuwa namsomea.

Marehemu Mchungaji Lammert Dijkhuis, ambaye jina lake wazee walishindwa kulitamka wakamwita Lameki, naye akaitika hivyo hadi mwisho, alizaliwa tarehe 11 Machi 1901 katika kijiji cha wakulima wa viazi kaskazini mwa Uholanzi, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa Mzee Pieter na Mama Aaltje. Alikuwa akisema kwamba shamba la baba yake lilikuwa chini kuliko bahari, na wazee wa Ishenga, kijiji chetu cha zamani, ambao walimwamini kwa mambo yote mengine, kwa hilo walimwona mwongo, wala hawakubadili mawazo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1907, akaimaliza mwaka 1914, akalima na baba yake kwa miaka kadhaa, kisha akaingia chuo cha uchungaji mwaka 1921, na akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1928. Tarehe 3 Mei 1929 alifunga ndoa na Geertje, ambaye hapa tulimwita Mama Grita, na mwaka uliofuata wakapanda meli, wakashukia Dar es Salaam, wakaja kwa treni hadi Manyoni, na kutoka Manyoni wakatembea na punda hadi Iramba, wakafika mwezi Oktoba 1930.

Kwa miaka minne marehemu alifanya kazi chini ya wachungaji waliomtangulia, akajifunza Kiswahili na Kinyiramba, na mwaka 1934 alipewa ruhusa ya kufungua mahali papya, akachagua bonde la Ishenga, ambapo hapakuwa na mtu kwa sababu maji yalikuwa mbali. Walioanza naye walikuwa wajane, watu waliofiwa na ng'ombe wote, na wengine ambao ndugu zao walikuwa wamewachoka. Aliwapimia viwanja kwa kamba ya katani, akachimba kisima pamoja nao, akajenga kanisa la matofali mabichi na shule ya kuezekwa kwa nyasi, na bibi anasema alikuwa fundi mbaya, ukuta wa kwanza wa kanisa ulianguka siku ya kuuzindua, ila hakuna aliyemcheka mbele yake.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Pieter, aliyezaliwa mwaka 1932, ambaye mwaka 1946 alipelekwa kusoma Uholanzi, na sasa ni mwalimu huko. Tumempelekea simu ya maandishi, naye amejibu kwamba hataweza kufika kwa wakati, na kwamba baba yake azikwe kati ya watu wake. Mama Grita alifariki kwa homa mwezi Aprili 1938, akazikwa Ishenga nyuma ya kanisa, na marehemu hakuoa tena.

Tangu mwaka ule wa kufiwa marehemu alianza kuandika kila jioni, mwanzoni kwa Kiholanzi, ambacho hakuna kati yetu anayeweza kukisoma, na baadaye kwa Kiswahili. Hakuandika mambo makubwa. Aliandika nani amefika na ametokea wapi, nani amejifungua, nani amekufa, mvua imenyesha upande gani wa bonde, ng'ombe wa nani amepotea na amepatikana wapi. Mwaka 1961 aliandika jinsi tulivyosherehekea Uhuru, na jinsi ngoma ilivyopasuka, ikabidi watu wapige debe. Mwaka 1963 aliomba uraia wa nchi hii, akaupata, akarudi nao kutoka Singida mjini, akapita nyumba kwa nyumba akiuonyesha, na bibi akamwambia, “Vizuri, Pasta, sasa na wewe utaitwa kuchimba barabara.” Aliitwa kweli, akachimba, na hilo nalo ameliandika.

Mwezi Septemba 1974 tulihama Ishenga pamoja na vijiji vingine, tukaja hapa kando ya barabara ya Kinyangiri, kama serikali ilivyoelekeza. Tulihama kwa siku chache, kila nyumba ikapakia ilichoweza, mapaa tukaacha, kisima tukaacha, na makaburi tukayaacha. Karatasi za marehemu zilikuwa katika masanduku matatu ya bati. Wakati wa kupakia sanduku moja lilipasuka mfuniko, karatasi zikaanza kupeperuka njiani, na bibi akazikusanya, akazifunga mafungu kwa kamba za magome kama anavyofunga masuke ya mbegu, na tulipojenga jiko hapa akazitundika kwenye uchaga juu ya mafiga, katikati ya uwele na mtama, ambapo moshi hufukuza wadudu, bila kumwuliza mtu.

Marehemu alipojua alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alisimama jikoni akikohoa kwa moshi, akasema, “Damari, unanikaushia maisha yangu kama kambale wa Ziwa Kitangiri!” Bibi hakuacha kusonga ugali. “Pasta, tangu umenijua, mbegu zangu zimeliwa na mdudu lini?” Yeye akamjibu kwamba karatasi hazipandwi shambani. Bibi akamwambia, “Hata kambale hapandwi. Kaa ule.” Marehemu alikaa akala, lakini wiki nzima hakumsemesha.

Masanduku mawili yaliyobaki aliyaweka chini ya turubai, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa haijakamilika. Mvua za kwanza zilipopita tuliyafungua, tukakuta mchwa wameingia kwa chini, wamekula kila kitu, yamebaki majalada tu, ukiyagusa yanavunjika. Maandiko ya miaka ya Kiholanzi yalikwisha pale, pamoja na miaka mingi ya hamsini na sitini. Marehemu alikuwa haoni vizuri tena wakati huo, akaingiza mikono ndani ya sanduku akapapasa, akaupaka udongo wa mchwa kwenye vidole. Jioni alikuja jikoni mwenyewe, ameshika vipande vichache vilivyosalia, akampa bibi, akasema, “Pandisha na hivi.”

Mimi nilikuwa darasa la sita tulipohama. Shule ya hapa ilikuwa bado kuta, na ilipoezekwa nilikuwa nimeshakuwa macho ya mtu, sikurudi. Marehemu alilisikitikia jambo hilo mara nyingi, na kwa kuwa hakuwa na namna ya kulirekebisha alinisahihisha kila neno nililosoma vibaya, akanifundisha kuandika sentensi iliyonyooka, na kila jioni nilishusha fungu moja, nikapangusa masizi, nikamsomea, na yeye akacheka au akanyamaza, kisha akanitajia ya siku hiyo nikayaandika.

Macho yalianza kumsumbua mwaka 1973. Mwezi Desemba mwaka jana miguu yake ilivimba, pumzi ikawa fupi, tukampeleka hospitali, akalazwa wiki tatu, akapata nafuu, akaomba kurudishwa nyumbani. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 10 Februari 1976, bibi alimpelekea uji, akamkuta ameshaondoka, ameelekea ukutani. Tulidhani angeomba alazwe Ishenga kando ya Mama Grita, lakini alishatuambia siku nyingi kwamba azikwe mahali watu walipo, maana kule hakuna wa kumpalilia.

Sasa nirudi kwenye ugomvi, kwa sababu haukuisha vile mlivyouacha.

Babu Isaka hakugombana kwa ubaya. Alisema, “Jiko ni la nyasi, Mama Stefano. Cheche moja tu, na huyu mtu anakufa mara ya pili. Ofisi kuu wana kabati la chuma, wana ufunguo.” Bibi akasema, “Na ufunguo atakuwa nao nani? Wewe? Esta akitaka kujua alizaliwa lini apande lori?” Babu Isaka akasema, “Atawaandikia, watamjibu.” Bibi akasema, “Tulihamishwa sisi, tukakubali. Kijiji chetu sasa kiko pale juu, kimefungwa kwa kamba. Mnataka kukihamisha tena?” Babu Isaka akamwuliza ni lini yeye, asiyejua kusoma, alikuwa mlinzi wa maandishi, na bibi akamjibu, “Wewe unayejua, umesoma ngapi?” Hapo ndipo watu wakawatenganisha, na Babu Isaka akaondoka akisema kesho atazikabidhi, wapende wasipende.

Jana mchana nilikuwa nimekaa nje ya jiko, nimeshusha mafungu yote ili nipate tarehe za kuandika historia hii, na Babu Isaka akaja. Hakuja kwa karatasi. Alitaka niandike sawasawa mwaka aliofika Ishenga, kwa sababu watu wengine husema alifika baada ya njaa, na yeye alifika wakati wa njaa, mwaka 1943, na mke wake Raheli akiwa mjamzito. Nilimtafutia, nikapata, alikuwa sahihi. Mchungaji ameandika kwamba wamefika wawili kutoka upande wa Wembere, mwanamume amebeba jembe na mwanamke hawezi kusimama, na kwamba mwezi uliofuata amezaliwa mtoto wa kike, Yunisi.

Babu Isaka akasema, “Endelea kumtafuta huyo.” Nikaendelea. Mtoto ameota meno, mtoto ametembea, mtoto amekula mbegu za jirani. Kisha nikafika mwezi Agosti 1947, nikanyamaza. Akaniambia, “Soma, binti, najua kilichopo hapo.” Nikasoma hivi, na ninasoma tena kwa ruhusa yake:

“Leo tumemzika Yunisi wa Isaka. Surua. Miaka minne. Kila nilipopita kwao aliniomba kofia, akaivaa, ikamfunika hadi mabegani, akatembea uani akigonga miti na kucheka. Leo nimepita pale nikaivua, nikabaki nimeishika.”

Babu Isaka aliniambia, “Rudia hapo kwenye kofia.” Nikarudia. Akasema, “Kofia nilikuwa nimeisahau. Miaka yote hii ninakumbuka jeneza tu, jinsi lilivyokuwa jepesi.” Akaniuliza kama kuna mahali pengine palipoandikwa Yunisi, nikamwambia yapo mafungu ambayo sijafungua, akasema basi nisiharakishe. Alikaa pale mpaka ng'ombe wakarudi. Bibi alimletea maziwa mgando bila kumtazama, naye akayanywa bila kushukuru, akaondoka.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu, na dereva aliyekubali kumrudisha nyumbani katika barabara ya matope. Nawashukuru majirani wa Kikristo na wa Kiislamu mliochimba kaburi kwenye mvua, akina mama mliopika, wanakwaya, na Serikali ya kijiji mliotupa mahali hapa. Nawashukuru wachungaji wenzake, na nyinyi wageni wetu wa ofisi kuu kwa gari lenu na kwa jeneza, na msione vibaya kwa nitakayoyasema mwishoni, maana hatuna ugomvi na nyinyi.

Mchungaji Lameki, umetuandika wote na sisi leo tumekuandika wewe kwa karatasi moja tu, nayo haitoshi. Lala pale tulipokulaza, tutakupalilia. Na kwa kuwa kila jioni ulikuwa ukiniuliza leo kumetokea nini, nakuambia la leo: asubuhi, kabla watu hawajafika, Babu Isaka alikuja jikoni kwa bibi amebeba mzigo wa kuni kichwani, mwanamume mzee, mzee wa kanisa, na njiani watoto walimcheka, akautua mlangoni, akapangusa shingo, akatazama juu kwenye uchaga ambapo mafungu yote yalikuwa yamerudishwa, akasema, “Kuni hizi bado mbichi kidogo, Mama Stefano, lakini moshi wake ni mwingi.”