Mwalimu Zabroni Aliyekataa Kuchagua Upande

Ndugu waombolezaji, marehemu Mwalimu Zabroni Nathanaeli Nampoto alizaliwa Chiwata tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa pili wa mzee Nathanaeli, mkulima wa korosho na mzee wa kanisa. Mimi ninayesoma ni Loveness, binti yake wa kwanza.

Alisoma shule ya msingi Chiwata, kisha sekondari Chidya. Akasomea ualimu, na mwaka 1973 akapangiwa Mkunya. Alifundisha hapa hapa miaka thelathini na minane, hadi alipostaafu mwaka 2011. Wengi mliovaa suti leo aliwashika mkono kuwafundisha kuandika a.

Tangu 1979 alikuwa pia katekista, bila mshahara. Sauti ya kuimba hakujaliwa. Wimbo wetu wa mavuno aliufundisha akiwa amekosea mstari wa tatu, na Mkunya nzima ikaushika hivyo hivyo. Mgeni akija kutoka Masasi akauimba sawasawa, ninyi humgeukia yeye kana kwamba ndiye aliyekosea. Baba alicheka sana kwa hilo.

Alifunga ndoa na mama yetu, Julia Christopher, tarehe 10 Julai 1976, wakajaliwa watoto watatu. Mama alifariki mwaka 2016, na waumini wote mlilala kwetu siku saba. Wakati ule tulikuwa kitu kimoja.

Mwaka 2021 mligombana juu ya kuhamishwa kwa padre, mkagawanyika. Wengine mkabaki kanisani, wengine mkahamia kwenye banda la bati karibu na ghala la korosho. Baba alikataa kuchagua. Jumapili alianza kanisani, akitoka huko anakwenda bandani. Kanisani mkamwita mpelelezi, bandani mkamwita ndumilakuwili. Pande zote mbili mkamvua ukatekista, na barua zenyewe mkazituma kwa mikono ya watu aliowasimamia kipaimara. Hilo lilimuuma, na mimi linaniuma mpaka sasa.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024. Alilazwa Newala mara mbili. Mwezi Mei mwaka huu akaomba aletewe Komunio nyumbani. Nilikwenda kanisani, nikaambiwa niwaone wenzetu wa bandani. Nikaenda bandani, nikaambiwa kwanza aandike barua kusema yuko upande gani. Mara tatu nilikwenda, mara tatu nilirudi mikono mitupu. Baba alisema tu, "Wamechoka hao. Kesho nenda tena." Barua hakuiandika.

Alifariki Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, bila Komunio. Aliyekuwepo ni jirani yetu Mzee Halfani, anayeswali msikiti wa hapo chini. Mimi nililia nikashindwa hata kufungua Biblia. Akaniambia, akiniita kwa binti yangu aliyerithi jina la bibi yake, "Mama Julia, msomee baba yako Zaburi yake. Mimi nipo, sitoki." Nikasoma, naye akakaa mpaka mwisho.

Sasa mmekuja wote, na mapadre wawili na ratiba mbili, na jana mlibishana uani kwetu nani amzike. Pande zote mlinitaka niyafute haya kwenye wasifu. Nimekataa. Lakini baba aliniachia neno: "Watakuja, Mama Julia. Usiwafukuze." Sikuwafukuza. Kusamehe bado sijaweza, nasema kweli mbele ya jeneza lake. Mtamzika kwa ibada moja, padre mmoja atasoma na mwingine atatia udongo. La sivyo, mtuachie mimi na Mzee Halfani.

Marehemu ameacha watoto watatu, Loveness, Gervas na Hilda, wajukuu saba, dada mmoja kule Chiwata, na ninyi, ambao aliwaita wanawe hata mlipomtupa.

Bwana amkaribishe mezani pake bila kumuuliza yuko upande gani. Alale kwa amani.