Chumba cha Nguruwe wa Usa River

Enzi za vifodi, vile vigari vya abiria, nilikaa nyuma ya baba mmoja anayetoka mjini na nusu kilo ya misumari. Alisimulia kwamba nguruwe wake jike alikuwa azae kesho yake. Mara ya mwisho, akiwa huru uani, aliwalalia watoto watano wakafa, basi safari hii amemjengea chumba chembamba cha mbao, hata kugeuka hawezi.

“Na anatulia?” akauliza mama mmoja wa kule Maji ya Chai, aliyepakata tenga lililobaki na majani makavu ya migomba baada ya ndizi kuisha.

“Anatafuna mbao. Jana kavuta koti langu la kanisani, kalikanyaga.”

Nilijifanya natazama nje.

“Baba, huyo anatafuta cha kutandika. Wangu wana boma pana, nawamwagia majani kama haya, wanatandika wenyewe.”

“Majani ni uchafu, mama. Na watoto wakilaliwa?”

“Mmoja mmoja hulaliwa, sikudanganyi. Ila koti ninalo.”

Baba alinuna mpaka Usa River. Alipokuwa anashuka, mama akambebesha majani yote. Aliyapokea kifua kizima, akatutangazia kwamba ni ya kufungia misumari.