Faili Lililoanza kwa Alama ya Mshangao

Ndugu waombolezaji, familia imenichagua mimi kusoma, si kwa elimu, maana shule niliiacha mapema, bali kwa kuwa sauti yangu haihitaji kipaza sauti, na marehemu dada yangu alikuwa akisema mdomo huu siku moja utapata kazi.

Dada, kifungua mimba wetu, alizaliwa tarehe 9 Mei 1986, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akamaliza chuo cha kompyuta mwaka 2008, na tarehe 2 Februari 2009 akaajiriwa kwenye kampuni inayotengeneza programu ya kutunza kila badiliko la mafaili, akapewa sehemu ambayo wenzake waliikimbia, ile orodha ya mafaili ya kurukwa, yasiyopaswa kufika kwenye hifadhi ya wote. Tarehe 17 Agosti 2013 aliolewa na shemeji yangu, fundi umeme, mpole kupita kiasi, wakajaliwa binti mmoja aliyerithi pua yangu, bahati yake.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2022, akaficha, akaniambia mimi tu, na kumbukumbu za kliniki akaziweka kwenye kompyuta yake ya kazi, katika faili ambalo jina lake lilianza kwa alama ya mshangao, ili likae juu kabisa. Tarehe 6 Juni, akiwa kitandani, aliniomba niliingize kwenye ile orodha ya kurukwa, nami, niliyefundishwa kompyuta na yeye mwenyewe pale mezani jikoni, nikamjibu, "Dada, hiyo naifanya nimefumba macho," na kweli niliifanya hivyo, maana niliandika jina kama lilivyo, bila kutanguliza ule mkwaju, kile kijistari cha mshazari kilichoegemea nyuma, unaoiambia programu kwamba alama hii ni sehemu ya jina tu, na mshangao mtupu mwanzoni mwa mstari ni amri ya kutoliruka faili. Faili likafika kwenye hifadhi ya wote, wenzake wakalisoma.

Siku tatu alinifungia mlango. Siku ya nne wenzake wa kazini wakajaa sebuleni kwake, wakagawana zamu za kumpeleka hospitali, na mkuu wake wa kazi akamwambia, "Mama, miezi mitano unatudanganya ni mafua?" na dada akalia mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Alifariki tarehe 21 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mkono wake mkononi mwangu.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani mliomlea binti, nanyi wafanyakazi wenzake. Jana nilifungua ile orodha kwenye kompyuta yake nifute aibu yangu, nikakuta mkwaju alishauweka mwenyewe, na juu yake ameandika, "Hapa alikosea mdogo wangu. Msimcheke, bila yeye ningeugua peke yangu."

Dada, maneno yameniishia. Pumzika, amani iwe yako.