Gesi ya Dalmas Imeenda Wapi

Kijiwe chetu kiko Free Area, hapa Nakuru, nyuma ya bucha ya Waithaka, kwa ukuta wa karakana ya Dalmas fundi wa friji. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na Rahab anakaa mwisho wake na birika ya kahawa ya tangawizi. Mimi naitwa Kofuli kwa sababu nachonga funguo kwa kibanda cha hapo karibu, na nawaambia mapema kwamba sipendi kelele, ila hiki kijiwe kimenishinda. Alhamisi hiyo nilikuta watu wameinamia karatasi moja kama wanaosoma wosia. Ilikuwa fomu ya Dalmas. Mwanamke wa mradi fulani wa gesi alikuwa ameiacha Jumatatu na akasema atairudia Alhamisi saa nane. Fomu ilitaka kujua, tangu uanze kazi, ni gesi ngapi ya R22 imetoka kwako ikaenda hewani. Hiyo ndiyo gesi ya friji za zamani, ile wanasema inakula ozoni huko juu, na ozoni ndiyo inatukinga na makali ya jua. Walikuwa wanahesabu ya dunia nzima, na hesabu ilikuwa imefika Free Area.

Dalmas hakuwa na raha hata kidogo. Free Area ilikuwa imewekewa nafasi moja tu ya mafunzo, na ukimaliza unapewa cheti pamoja na mashine ya kunyonya gesi kutoka kwa friji badala ya kuiachilia. Ushirika mmoja wa maziwa upande wa Bahati ulikuwa umemwambia wazi kwamba bila cheti hashiki matangi yao ya baridi, na kufikia Jumatatu inayokuja kama hana wanaita fundi wa Nairobi. Aliitaka hiyo kazi mpaka alikuwa ameacha kula mutura, ile soseji ya kuchoma anayoipenda.

— Nisaidieni, Dalmas akasema. Hapa niandike nini?

— Andika sifuri, akajibu Mzee Makhanu. Huyu tunamwita Stesheni. Alikuwa karani wa reli miaka thelathini, na kichwani hajastaafu.

— Sifuri aje, mzee, na kila wiki mimi nafungua friji za watu?

— Ukiandika imetoka, umejishtaki mwenyewe. Kesho askari wako hapa, na hiyo kazi ya maziwa uisahau.

— Na wakikataa kuamini?

— Kwa reli tulikuwa na sheria. Behewa likiingia na hakuna mtu ameliona likitoka, liko ndani. Wewe umetia gesi kwa friji. Nani ameiona ikitoka?

— Mzee, hii ni gesi. Haionekani.

— Basi hakuna shahidi.

Hapo Kihara akaweka pikipiki yake stendi. Huyu ni Setilaiti, kwa sababu kila kitu amekisoma kwa simu akingoja abiria.

— Mzee unampoteza huyu jamaa, akasema. Kuna mashine ziko juu milimani zinanusa hewa ya dunia. Zinajua hata ya Dalmas.

— Zinajuaje ni ya Dalmas?

— Kila fundi ana harufu yake.

— Hata mimi ya Dalmas naijua, akasema Rahab, na hakuwa anaongea juu ya gesi.

Dalmas alijinusa kwapa polepole, akidhani hatumwoni.

— Lakini sikilizeni, Kihara akaendelea. Hiyo gesi ni nzito kuliko hewa. Dalmas, si ni ukweli?

— Hiyo ni ukweli kabisa.

— Sasa kama ni nzito, haipandi. Inateremka. Na ukiteremka kutoka hapa unaenda wapi?

— Ziwani.

— Na hilo ziwa limefura miaka yote hii mpaka likameza nyumba za watu. Mnadhani ni nini?

— Ni mvua, nikasema.

— Kofuli, wewe chonga funguo.

Mtu akikuambia hivyo mbele ya watu, na una kikombe cha moto mkononi, unajizuia sana. Stesheni naye hangekubali Kihara amshinde. Akasema gesi haiendi ziwani, inaingia kwa shimo la mlima Menengai, inashuka mpaka chini kwa moto, halafu inapitia njia fulani ya chini kwa chini inayounganisha hii milima yote ya Bonde la Ufa, na inatokea Longonot ikiwa imechanganyika na mvuke.

— Umeiona hiyo njia? nikamuuliza.

— Niliona ramani yake.

— Iko wapi?

— Ilikuwa ofisini. Iliibiwa. Lakini cha maana ni hiki: ikitokea Longonot, hiyo ni ya Longonot. Mzigo unaandikwa kwa stesheni ya mwisho. Dalmas hana makosa.

Dalmas akauliza kama Longonot kuna fundi wa friji. Stesheni akatoa penseli kutoka nyuma ya sikio, akageuza gazeti la Rahab la kufungia mandazi, na akasema kama ni hesabu ya dunia, tutaimaliza sisi hapa hapa.

— Dalmas, wewe ni fundi wa kawaida?

— Mimi ni fundi mzuri.

— Fundi mzuri wa kawaida. Duniani mafundi kama wewe weka milioni mbili. Kila mmoja anatoa kama wewe. Wewe umetoa sifuri. Sifuri mara milioni mbili?

— Sifuri, tukasema wote, hata mimi.

— Basi dunia haijatoa kitu. Watu na digrii zao wamehesabu hii kitu miaka na miaka, na sisi tumemaliza kabla kahawa ipoe.

Nilitafuta kosa kwa hiyo hesabu na sikulipata, na hilo ndilo liliniudhi zaidi. Dalmas akaandika sifuri kwa peni, akaizungushia mstari.

Saa nane na dakika chache yule mwanamke akafika kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, na faili kwapani. Anaitwa Immaculate. Alisalimia kila mtu, akamwita Rahab mathe kama mama yake, akakaribishwa kikombe, ndipo akafungua fomu.

— Boss, miaka kumi na tisa na haijatoka kitu?

— Hata kidogo, madam.

— Hongera. Akafunga faili. Basi hii nafasi nitaipeleka Rhonda kwa fundi anaitwa Kipkemoi. Mashine inaenda mahali gesi inapotea sana. Wewe huna shida.

Nimemjua Dalmas tangu watoto wake wakiwa wadogo, na sijawahi kumwona akikauka vile. Wenzake ndio walimwokoa, kama hiyo unaweza kuita kuokoa.

— Madam, inatoka, Kihara akasema.

— Inatoka vibaya, akasema Stesheni, yule yule wa sifuri. Hatulali kwa sababu ya hiyo gesi.

— Wewe unalala wapi, mzee? Immaculate akauliza.

— Kiamunyi, upande ule mwingine wa mji.

— Na inatoka ngapi?

— Andika kilo elfu moja.

— Kwa wiki, Kihara akaongeza. Wiki mbaya, elfu kumi.

— Boss, silinda yako naiona pale mlangoni. Ikijaa inabeba kilo kumi na tatu na kitu. Hizo elfu kumi unazitoa wapi?

Stesheni akasema pengine ni zile za Longonot zinarudi. Immaculate akainuka, akashukuru kwa kahawa. Hapo ndipo Dalmas akapata sauti.

— Madam, keti kidogo. Hawa wanasema tu. Ukweli ni kwamba mimi sijui. Sijawahi kupima. Nanunua kidogo kidogo nikipata kazi, sina karatasi. Kabla nirekebishe friji nafungua valvu, naacha gesi ilie. Ikinyamaza, narekebisha, najaza ingine mpaka paipu itoe jasho. Naijua kwa mkono, sio kwa mizani. Naona aibu kukuambia hivyo, lakini ndio hivyo.

Immaculate hakuketi, lakini pia hakuondoka.

— Ikiwa inalia, wewe unakuwa wapi?

Rahab ndiye alijibu, na yeye humwita Dalmas kwa jina la mtoto wake.

— Anakuwa hapa na sisi. Baba Quincy akifungua valvu anakuja kunywa kikombe kimoja. Kikiisha, gesi imeisha, anarudi ndani. Hakuna siku amekunywa kikombe bila friji. Kahawa inamchoma tumbo.

— Mathe, una uhakika?

— Mimi ndio namwagia. Nilianza hapa mwezi ule ule yeye alianza.

— Kwa wiki ni vikombe vingapi?

— Vinne. Wiki ya Krismasi sita, kwa sababu ya friji za mabaa. Akienda nyumbani Webuye, hakuna. Weka vinne.

Immaculate aliketi. Akasema hiyo ni hesabu nzuri kuliko zote amepewa wiki hiyo, kwa sababu wengine wote wamempa namba za kubahatisha, zote zinaishia kwa sifuri. Sasa alichokosa ni kimoja tu: kikombe kimoja ni gesi ngapi. Na hapa lazima niseme mwenyewe, kwa sababu wale hawatawaambia: ni mimi Kofuli nilisema Waithaka ana mizani.

Bahati nzuri friji ya Waithaka mwenyewe ilikuwa imefunguliwa asubuhi, kikombe kikanyweka, na sasa ilikuwa inangoja kujazwa. Dalmas akasema friji ilikuwa imejaa kabla aifungue, na Immaculate akasema basi kile itakunywa sasa ndicho kile ilitoa asubuhi. Waithaka alinung'unika, akatoa matumbo kwa mizani, akaipanguza. Tukaweka silinda: kilo tisa nukta nne. Dalmas akaunganisha paipu, akajaza taratibu, mkono wake juu ya paipu kama daktari anayemshika mgonjwa, mpaka ikatoa jasho. Tukaweka tena silinda: nane nukta sita.

— Gramu mia nane, Waithaka akasema. Hiyo ni karibu kilo ya nyama.

Stesheni alihesabu kwa gazeti. Vikombe vinne kwa wiki, wiki hamsini, hivyo mia mbili kwa mwaka. Mara kumi na tisa, elfu tatu na mia nane. Mara gramu mia nane. Akarudia. Akarudia tena, akampa Immaculate gazeti athibitishe.

— Kilo elfu tatu na arobaini, akasema Immaculate.

— Tani tatu, Stesheni akasema. Kwa reli mzigo wa tani tatu tungeufunika na turubai na kuuwekea mlinzi.

Dalmas alikuwa ameshika kikombe kitupu.

— Na mimi nilikuwa nakunywa tu kahawa, akasema.

Immaculate akakata ile sifuri kwa mstari mmoja, akaandika namba mpya na karibu nayo akaandika ilivyopatikana, vikombe na mizani na kila kitu. Halafu akaweka alama kwa kisanduku cha mafunzo, na Dalmas akamweleza mbio mbio juu ya ushirika wa maziwa na Jumatatu yao.

— Uje kesho asubuhi na kitambulisho. Nitakupa barua ya kusema umepata nafasi, upeleke kwa watu wa maziwa kabla hiyo Jumatatu yao.

Dalmas alimshika mkono kwa mikono yote miwili na hakujua vile ataachilia. Kihara alianza kueleza vile yeye alijua tangu mwanzo. Rahab alimwaga kahawa ya kila mtu bila kuulizwa, na mimi, ambaye sipendi kelele, nilipiga kelele pamoja nao.

Immaculate alifunga faili, akamaliza kikombe chake, akauangalia ubao wote kutoka mwisho hadi mwisho.

— Sasa nisaidieni na hii ingine, akasema. Vijiwe kama hiki viko vingapi?

— Hapa Nakuru? Stesheni akauliza.

— Duniani.

Stesheni alilowesha penseli kwa ulimi, akatafuta mahali peupe kwa gazeti, na alikuwa bado anatafuta yule mwanamke akituaga.