Mzee Elisha Chitemwe na Kioo cha Ukungu

Baba Mchungaji, ndugu, jamaa na majirani, kabla ya kusoma lolote familia inawaomba radhi wote walioshtuka kuiona picha iliyo juu ya jeneza, maana tumewasikia mkinong'ona kwamba mtu aliyewapendezesha watu wa Mtwara pichani kwa miaka arobaini na saba amewekewa picha ya ugonjwa, mashavu yamebonyea na shingo imebaki mifupa, kana kwamba hakuwa na nyingine. Zipo nyingine, tena nyingi, na sababu ya kuichagua hii mtaisikia, mtuvumilie kidogo.

Marehemu Elisha Matei Chitemwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Kitaya, karibu na Mto Ruvuma, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Matei Chitemwe na Bibi Anastasia, wakulima wa korosho na muhogo. Asubuhi za utoto wake zilijaa ukungu uliopanda kutoka mtoni, na hakuchoka kusimulia jinsi alivyosimama kizingitini akimsubiri mama yake arudi na maji, kwanza zikija nyayo, kisha rangi ya khanga, na mwisho kabisa, akiwa ameshafika karibu, uso wenye chale za Kimakonde, mistari myeusi kwenye paji na mashavuni, na hapo ndipo moyo wake ulipotulia.

Alisoma Shule ya Msingi Kitaya kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akalima na baba yake hadi Januari 1978, alipohamia Mikindani na kuajiriwa na Mzee Aliasgar, mwenye duka la vitambaa lililokuwa na studio ya picha kwa nyuma. Hapo alijifunza kazi yote, na hapo ndipo alipokutana na filta, kile kioo cha mviringo kinachofungwa mbele ya lenzi, na hasa ile moja ambayo Mzee Aliasgar aliipenda kuliko zote, filta ya ukungu, iliyolainisha ngozi, ikafuta makovu na kumfanya kila bibi harusi aonekane kama anayeota. Watu walitoka hata mtaa wa Likombe, Mtwara mjini, kuifuata, na marehemu, tusimfiche, alijivuna nayo.

Tarehe 8 Septemba 1984 alifunga ndoa na Modesta, ambaye sote tunamwita Mama Faraja, wakajaliwa watoto wawili, Faraja mwaka 1986 na Zawadi mwaka 1989.

Tarehe 12 Agosti 1987, Bibi Anastasia alikuja Mikindani na khanga mpya kupigwa picha ya kwanza maishani mwake, naye mwanawe, kwa kutaka kumpendezesha, na pia, kama alivyokiri baadaye, kwa kuona haya kidogo mbele ya wateja wa mjini, akafunga filta ya ukungu. Picha ilipokauka mama aliitazama, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele, kisha akauliza kwa Kimakonde huyu ni nani, kwa sababu chale zote zilikuwa zimeyeyuka. Akasema kwamba alipochanjwa alivumilia kisu bila kulia, mama yake mzazi akimshika mkono, na leo mtoto aliyemzaa amemfuta kwa kipande cha kioo. Hakugombana, alipanda gari akarudi Kitaya, na picha akaiacha mezani.

Marehemu aliahidi kumfuata akampige nyingine, lakini zikaja harusi, ikaja mvua, njia ikakatika, leo ikawa kesho, na tarehe 2 Machi 1988 Bibi Anastasia akafariki. Marehemu alifika mazikoni na kamera begini na hakuitoa. Picha pekee ya mama yake duniani ikabaki ile isiyo na uso wake, na tangu hapo alimwota mara kwa mara akitoka kwenye ukungu wa mto, nyayo, khanga, hatua kwa hatua, lakini kila alipokaribia ukungu ulimganda usoni na marehemu akaamka.

Kuanzia hapo hakufunga tena kioo cha aina yoyote, hata kile cheupe cha kukinga lenzi, na hilo likawa ugomvi wa nyumba yake ya mtaa wa Shangani kwa miaka ishirini na zaidi, maana Mama Faraja, aliyefuta chumvi ya bahari kwenye lenzi kila jioni, alisema kukataa kinga kwa sababu ya ukungu ni sawa na kususa chakula kwa sababu ya sahani. Mwaka 2009 lenzi iligonga ngazi za mawe za Mikindani ikapasuka, marehemu akarudi nayo nyumbani, na Mama Faraja akamwekea mezani sahani yenye filta nyeupe badala ya ugali. Marehemu alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akaifunga kwa ajili ya bahari na upepo, ila kila alipompiga mtu uso aliifungua kwanza. Wateja waliotaka kulainishwa walimkimbia, na zilipokuja simu za kubadilisha sura alisema sasa kila mtu anatembea na Mzee Aliasgar wake mfukoni.

Mwezi Mei 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, akatibiwa kwa miaka mitatu. Jumapili tarehe 8 Juni 2025, akiwa barazani, alimwomba mkewe ampige picha, naye Mama Faraja, kwa mkono wake mwenyewe, akaitoa kabatini filta ya zamani ya ukungu na kuifunga kimyakimya. Marehemu alipoonyeshwa picha alijua papo hapo, akamuuliza, "Mama Faraja, na wewe umenifuta?" Mama Faraja alilia, akasema hawezi kuiangalia mifupa ile, hawezi. Marehemu akasema polepole kwamba miaka yote alidhani alimfuta mama yake kwa aibu tu, kumbe hata mapenzi hufuta. Mama Faraja akaifungua filta, akapiga tena, na picha hiyo ndiyo mnayoiona.

Alfajiri ya Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, akiwa hospitalini, aliamka akamwambia mkewe kwamba mama yake amefika karibu, na kwa kidole akaanza kuchora kwenye shuka, mistari miwili ya paji, mitatu ya shavu la kulia, akaanza shavu la kushoto, na kidole kikatulia hapo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Shangani waliopika na kukesha nasi, wapiga picha wenzake, na familia ya Mzee Aliasgar iliyofika yote. Marehemu ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu wanne.

Mtakapopita kumuaga, msiione haya picha yake, itazameni kila mstari. Lala kwa amani, Elisha wa Anastasia, uso wako tumeuona.